NYUMBA ZA BEI NAFUU: NAFUU KWA NANI?
Maoni ya wananchi na wajibu wa kada

Utangulizi

Binadamu hawezi kuishi bila chakula, mavazi na nyumba. Hilo kila mtu analijua. Lakini jinsi nyumba inavyopatikana, nani anaijenga, nani anaimiliki na nani anailipia kodi, ni maswali ya siasa kabla ya kuwa maswali ya saruji na nondo. Katika miaka ya karibuni jambo la nyumba za bei nafuu limezungumzwa sana katika miji yetu. Michoro inaonyeshwa, mikutano ya mitaa inaitishwa, na wananchi wanaombwa kutoa maoni yao. Makada wengi wanaopelekwa kwenye mikutano hiyo hudhani kazi yao ni moja tu: kuwafanya watu wakubali. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini fikra hiyo ni potofu, na kada afanye nini badala yake.

Hapana budi tuanze na msingi wa jambo lenyewe, kisha tutazame historia yetu, tuwachambue watu wanaoishi katika mtaa, na mwisho tuone kazi iliyo mbele yetu.

1. Nyumba ina thamani mbili

Nyumba ni kitu cha matumizi. Inamkinga mtu na jua na mvua, inampa mahali pa kulala, kupika, kulea watoto na kuuguza wagonjwa. Hiyo ni thamani yake ya matumizi. Lakini katika jamii yenye soko, nyumba ni bidhaa pia. Inauzwa, inapangishwa, inawekwa rehani benki. Hiyo ni thamani yake ya kubadilishana.

Thamani hizi mbili hukaa ndani ya nyumba moja, lakini hazipatani siku zote. Mpangaji anatazama chumba na kuuliza: je, watoto wangu watalala? Mwenye mtaji anakitazama chumba kile kile na kuuliza: je, kitanirudishia fedha yangu baada ya miaka mingapi? Wote wawili wanazungumzia nyumba, lakini hawazungumzi lugha moja. Kwa hiyo mradi unapotangazwa kuwa ni wa "nyumba za bei nafuu", swali la kwanza la kada liwe hili: katika mradi huu, ni thamani ipi inayotawala? Je, nyumba zinajengwa ili watu wakae, au zinajengwa ili ziuzwe, na wakaaji watafutwe baadaye?

Ardhi nayo huongeza utata. Mwaka 1963 nchi yetu ilifuta umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni, na ardhi ikawa ya umma. Hata hivyo, kiwanja kilicho karibu na katikati ya mji kina faida kuliko kilicho pembezoni, kwa sababu ya barabara, maji, shule, soko na hospitali. Faida hiyo haikuletwa na jasho la mtu mmoja. Imeletwa na kodi za wote na kazi za wote. Ndiyo maana mitaa ya makabwela iliyo karibu na mji hutamaniwa na wenye fedha. Hawavutwi na uzuri wa vibanda vilivyopo, bali na mahali vilipo.

2. Tulikotoka

Kada asiyejua historia atarudia makosa akidhani anavumbua jambo jipya. Kwa hiyo tutazame hatua chache.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuondoa nyumba duni za miti na udongo katika sehemu kama Magomeni na Buguruni, Dar es Salaam, na kujenga za matofali mahali pale pale. Nia ilikuwa njema. Lakini nyumba moja ilipobomolewa na moja ikajengwa, mji haukupata nyumba ya ziada, hali watu walizidi kumiminika kutoka mashambani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 njia hiyo ikaachwa. Funzo lake ni rahisi: kubomoa hakuongezi nyumba. Kunabadilisha sura ya mtaa tu, na huenda kukabadilisha watu wake pia.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitoa masharti ya uongozi. Sharti moja lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Watu wengine huona sharti hilo kama ukali usio na maana. Lakini tulitafakari. Kiongozi anayepokea kodi za vyumba ana maslahi katika kodi kupanda, na kodi hupanda pale nyumba zinapokuwa haba. Huyo huyo akikaa katika kikao cha kuamua kama nyumba zijengwe kwa wingi, moyo wake utakuwa upande gani? Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Sharti limelegezwa, ila swali lililozaa sharti halijafutika.

Mwezi Aprili 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000/- yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi ya kukopesha wajenzi. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilipimwa katika sehemu kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na mitaa iliyokwisha jengwa kama Manzese ikaboreshwa kwa barabara na maji bila watu kuhamishwa wote. Mpango huu ulikuwa hatua ya mbele kuliko ule wa kubomoa. Hata hivyo, viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye kipato cha kati na cha juu. Anayetembea Mikocheni leo na ajiulize wanaishi huko akina nani.

Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Msajili wa Majumba alikuwa amekwisha unganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo mpangaji wa leo anakabili soko bila ngao aliyokuwa nayo baba yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Sehemu kubwa ya watu hao wanaishi katika nyumba zilizojengwa kidogo kidogo na wananchi wenyewe, tofali moja moja, katika maeneo ambayo wataalamu huyaita makazi holela.

Katika historia yote hii tunaona jambo moja linalorudi. Neno "mnyonge" liliandikwa mwanzoni mwa kila mpango. Lakini mnyonge alipokuwa hayupo pale masharti yalipoandikwa, hakuwapo pia siku ya kugawa funguo.

3. Nani anaishi katika mtaa?

Viongozi wetu husema, "wananchi wameafiki" au "wananchi wamekataa". Usemi huo unaficha kuliko unavyoeleza. Mtaa si kitu kimoja. Tuchukue nyumba ya kawaida ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani choo na jiko la pamoja. Ndani ya nyumba hiyo moja mna maslahi zaidi ya moja.

Yupo mwenye nyumba. Mara nyingi ni mjane au mzee aliyestaafu, anaishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kumwita kabaila ni upuuzi, maana kodi za vyumba hivyo ndiyo pensheni yake. Lakini pia yupo mwenye nyumba wa aina nyingine, asiyekaa mtaani, mwenye nyumba nne au tano katika mitaa mbalimbali, ambaye humtuma mtu kukusanya kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Hawa wawili huitwa kwa jina moja la mwenye nyumba, lakini hawako katika hali moja.

Wapo wapangaji, nao ndio wengi. Fundi cherehani, mlinzi, mama lishe, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda. Wengine wamekaa hapo miaka ishirini, wamezaa na kuzikana hapo, lakini hawana karatasi yoyote inayowatambua.

Wapo wale ambao mtaa ndio mahali pao pa kazi. Muuza mkaa, kinyozi, mwenye genge, mchoma mahindi. Hawa hawana hasara ya nyumba tu. Wana hasara ya wateja, na mteja hahesabiki kwenye fomu ya mthamini.

Sasa tutazame sheria inavyowafikia. Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kutaka alipwe fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya mapema, na kanuni zake za mwaka 2001 zinaeleza mafungu: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, gharama za kusafirisha mizigo hadi tani 12 ndani ya kilometa 20, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Hayo ni mambo mema, na kada anapaswa kuyajua kwa moyo. Lakini msomaji aone jambo moja: mafungu haya yameshikamana na mwenye kumiliki. Mwenye nyumba ya vyumba sita huthaminiwa. Wapangaji wake watano, pengine na jamaa zao ishirini, huambiwa watafute chumba kwingine.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukipiga makofi, tuulize ni nani aliyepiga. Na ukizomea, tuulize ni nani aliyezomea. Huenda mwenye nyumba nne anapinga mradi kwa sababu nyumba mpya zitapunguza kodi zake, lakini anasema kwa sauti ya kumtetea mnyonge. Huenda mpangaji anaunga mkono akidhani atapewa nyumba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba jina lake halimo. Kazi ya uchambuzi wa kisiasa ni kuyatenganisha maslahi haya kama mtu anavyopepeta mchele, kisha kutafuta ni yapi ya wengi na ya haki.

4. Nini maana ya nafuu?

Neno "nafuu" halina maana mpaka litajiwe mtu na kipato chake. Bei iliyo nafuu kwa meneja ni mzigo kwa mlinzi. Tuchukue mfano wa hesabu, si wa mradi wowote maalumu, ili jambo lionekane.

Tuseme nyumba inauzwa Sh. 40,000,000/- na mnunuzi anakopa fedha yote. Akikopeshwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, alipe kwa miaka 15, atalipa kiasi cha Sh. 560,000/- kila mwezi. Mpaka amalize atakuwa ametoa zaidi ya Sh. 100,000,000/-. Yaani nyumba moja ameilipia mara mbili na nusu. Katika mwezi wa kwanza, Sh. 500,000/- kati ya 560,000/- ni riba tupu, ni Sh. 60,000/- tu zinazopunguza deni. Tukifuata kanuni ya kwamba makazi yasizidi theluthi moja ya kipato, nyumba hiyo ni ya mtu mwenye Sh. 1,680,000/- kwa mwezi.

Sasa nyumba ile ile, bei ile ile, riba iwe asilimia 5 na muda uwe miaka 25. Malipo yanakuwa kiasi cha Sh. 234,000/- kwa mwezi. Kipato kinachohitajika kinashuka hadi kama Sh. 700,000/-. Hakuna tofali lililopunguzwa, wala chumba kilichofinywa. Kilichobadilika ni masharti ya fedha. Na bado mama lishe hajaingia.

Hesabu hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, unafuu hauko katika ujenzi peke yake. Uko katika riba, muda na thamani ya ardhi inayoingizwa katika bei. Pili, mradi unaweza kuitwa wa wanyonge, ukawa na majengo mazuri, na bado masharti yake yakamchagua mwenye mshahara mkubwa kimya kimya, bila mtu yeyote kuonekana kuwa amependelea. Tatu, kwa walio wengi mjini, nyumba ya kupanga yenye kodi ya haki na usalama wa kukaa ni jibu la karibu zaidi kuliko nyumba ya kununua. Tukizungumzia kuuza tu, tumewaacha wengi nje kabla ya kuanza.

Zaidi ya hayo, wananchi wengi kipato chao huja kwa siku, wala si kwa mwezi. Jambo hili nilifundishwa na mwananchi mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

5. Mahudhurio si maoni

Hapa sina budi kujikosoa, maana mkufunzi anayewafundisha wengine kujikosoa na yeye mwenyewe haguswi ni mnafiki.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa pamoja na wenzangu kwenye mkutano wa mtaa mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Ulifanyika Jumamosi alasiri katika uwanja wa shule. Nyumba kadhaa zilikuwa zimekwisha pigwa alama ya X kwa rangi nyekundu wiki moja kabla. Picha kubwa ya magorofa ilitundikwa ukutani. Mimi nilipewa kazi ya kueleza faida za mradi, nami nilieleza kwa ufasaha, nikataja umoja, maendeleo na mji wa kisasa.

Wakati nikizungumza, karatasi ilikuwa ikizungushwa ili watu waandike majina na kutia saini. Mama mmoja muuza maandazi, mpangaji wa chumba kimoja, alisimama akasema, "Ndugu mkufunzi, hiyo nyumba ya kwenye picha nitailipia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Maana mimi fedha yangu inakuja kwa siku, na siku ya mvua haiji." Nilimjibu kwamba maelezo ya kitaalamu yatatolewa baadaye. Watu wakacheka, na hawakumcheka yeye. Kisha mzee mmoja akaishika ile karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Mwanangu, tumeitwa kutoa maoni au kutoa saini?" Nikamwambia ni mahudhurio tu, asiwe na wasiwasi. Akatia saini kwa sababu mimi nilimwambia.

Baadaye nikaiona karatasi ile ile imeambatishwa kwenye taarifa, juu yake pameandikwa kwamba wananchi wa mtaa huo wameridhia mradi. Swali la mama wa maandazi halikuandikwa popote. Nilijua kwamba haikuwa kweli, nami nikanyamaza. Nilijiambia kuwa mradi ni mwema, na kwamba jambo jema halina haja ya kukwamishwa na karatasi.

Mradi ule haukuanza, kwa sababu nyingine za fedha. Alama nyekundu zilibaki. Watu waliacha kukarabati nyumba zao, maana nani atapiga lipu ukuta unaongoja kubomolewa? Na mwaka uliofuata wenzetu wa afya walipokwenda mtaani kuandikisha kaya kwa ajili ya vyandarua, wazee walikataa kuandika majina. Walisema, "Tuliandika mara ya kwanza." Kwa hiyo uongo mmoja juu ya nyumba ulizaa hasara katika jambo ambalo halikuhusiana na nyumba hata kidogo. Imani ya watu ni akiba. Sisi tuliitoa yote siku moja, kwa ajili ya kiambatisho cha taarifa.

Katiba inasema, katika ibara ya 8, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikwisha tuonya kwamba maendeleo ya watu hayana budi kufikiriwa, kupangwa na kutekelezwa na watu wenyewe wakishirikishwa. Kuwakusanya watu na kuwasomea yaliyokwisha amuliwa hakutimizi hata moja kati ya hayo.

6. Funzo la Magomeni Kota

Isidhaniwe kwamba ushiriki wa wananchi ni nadharia isiyotekelezeka. Tunao mfano wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, wenye pande zote mbili, chungu na tamu.

Kota zile zilijengwa wakati wa ukoloni, na kaya 644 zilikuwa zikiishi humo. Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 wakazi waliondolewa na nyumba zikavunjwa, kwa ahadi ya kujengwa nyumba mpya. Miaka ikapita, eneo likabaki wazi, na wakazi wakatawanyika kupanga sehemu mbalimbali za mji. Mwezi Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika hapo, akaagiza eneo litumike kujenga nyumba za wakazi wale, na akatangaza kwamba watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua nyumba 656.

Tuzitazame tarakimu hizi kwa makini. Kaya 644, nyumba 656. Hapa mahitaji yalihesabiwa kwa majina kwanza, na majengo yakafuata majina. Hii ni kinyume cha desturi ya kujenga kwanza na kutafuta wanunuzi baadaye. Wakazi wa kota walikuwa wapangaji wala si wamiliki, na kama tungefuata hesabu ya umiliki peke yake, wengi wao wangepotea. Kilichowaokoa ni kwamba walijulikana idadi yao na hawakuliacha dai lao, hata walipokuwa wametawanyika.

Lakini upande mchungu usifichwe. Kutoka kubomolewa hadi kuzinduliwa ilipita miaka kumi. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati nyumba inavunjwa alikuwa amefika sekondari siku ya kukabidhiwa funguo. Wapo wazee waliofariki bila kuiona. Kubomoa kulifanywa kabla ya fedha ya kujenga kupatikana, na gharama ya kungoja ilibebwa na wasio na kitu. Tena, baada ya nyumba kukabidhiwa, likaja jambo la mkazi kuwa mpangaji mnunuzi, na mjadala ukahamia kwenye bei: nyumba ihesabiwe kwa thamani gani, na je, ardhi iingizwe katika bei? Ndiyo kusema swali la "nafuu kwa nani" halimaliziki siku ya kukata utepe. Linaendelea mpaka malipo ya mwisho.

Jambo jingine ni maisha ya ndani ya gorofa. Wenzetu wa Zanzibar walilijua hili mapema katika majumba ya Michenzani, yaliyochukua nafasi ya nyumba za chini za Ng'ambo. Anayehama kutoka nyumba yenye ua na baraza anaacha mahali pa kukoboa, kuanika, kufuga kuku wawili na kuketi na jirani jioni. Nani atalipia pampu ya maji? Nani atafagia ngazi? Nani atasimamia takataka? Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaweka utaratibu wa wakazi kuwa na chombo chao cha kusimamia sehemu za pamoja. Mambo haya yajadiliwe na wananchi wakati mchoro bado ni penseli. Ukuta ukishakauka, maoni hayana pa kuingia.

7. Hatari mbili

Kada ajihadhari na hatari mbili. Ya kwanza ni urasimu, yaani kudhani kwamba mtaalamu anajua yote na mwananchi ni wa kuelimishwa tu. Makosa yangu niliyoyaeleza yalikuwa ya aina hiyo. Mrasimu akiulizwa swali gumu husema muulizaji anapinga maendeleo.

Ya pili ni kufuata mkumbo, yaani kuchukua kila sauti ya mtaani kuwa ni haki kwa sababu imetoka mtaani. Wapo wanaopinga nyumba za wanyonge zisijengwe karibu nao kwa kudai zitaleta wahuni. Wapo wanaotaka mradi uje haraka kwa sababu wamekwisha nunua viwanja vya jirani na wanangoja bei ipande. Wapo wanaotaka wapangaji wasiitwe kabisa mkutanoni. Maoni haya yasikilizwe, yajibiwe, na pale yanapokuwa ya kibaguzi au ya ulanguzi yapingwe waziwazi. Kusikiliza si sawa na kutii. Lakini mtu hawezi kupinga kwa haki hoja ambayo hakuisikiliza.

8. Kazi ya kada

Kutokana na uchambuzi huu, kada anayepelekwa mtaani kwa ajili ya mradi wa nyumba atekeleze mambo haya:

(a) Aorodheshe watu kabla ya majengo. Kaya zote zihesabiwe, wapangaji pamoja na wenye nyumba, na orodha ibandikwe mahali pa wazi ili watu wenyewe waisahihishe.

(b) Karatasi ya mahudhurio iandikwe wazi juu yake kwamba ni ya mahudhurio. Maoni yaandikwe mbali, hoja kwa hoja, na yasomwe mkutanoni kabla watu hawajatawanyika. Nakala ibaki ofisi ya mtaa.

(c) Aende na hesabu, si picha peke yake. Mwananchi aambiwe malipo kwa mwezi, kwa wiki na kwa siku, na riba ni kiasi gani. Kama hesabu hiyo haijulikani, basi mkutano ni wa mapema.

(d) Asikubali ubomoaji utangulie fedha. Alama nyekundu isipigwe kwenye ukuta wa mtu mpaka ijulikane atakwenda wapi, kwa fedha ipi, na atarudi lini.

(e) Kiongozi yeyote mwenye nyumba za kupangisha au kiwanja katika eneo hilo atamke hivyo mbele ya mkutano. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutangaza mali zao. Hakuna ubaya kuanza na wale wanaotazamana nao kila siku.

(f) Mikutano ipangwe kwa saa za wafanyakazi na akina mama. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi ni mkutano wa wasio na kazi na wenye nyumba.

(g) Arudi. Kada aliyechukua maoni na asirudi kueleza yamefika wapi amechukua mali ya watu.

Hitimisho

Tunahitaji nyumba, tena nyingi, na haraka. Hakuna anayepinga hilo. Anayetumia makosa ya zamani kuwa kisingizio cha kutojenga hamsaidii anayelala watu sita chumba kimoja. Lakini nyumba inayojengwa bila wenyewe haikosi wakaaji; inapata wakaaji wengine, na wale waliokusudiwa husukumwa mbele zaidi, huko kusiko na maji wala daladala, wakaanze tena tofali moja moja.

Kipimo cha mradi wa nyumba za bei nafuu si idadi ya magorofa. Ni jibu la swali la yule mama wa maandazi. Siku nilipoulizwa sikuwa na jibu, na badala ya kukiri nikajificha nyuma ya wataalamu. Leo nawafundisha makada wangu kuanza na swali hilo kabla ya kuingia mkutanoni. Asiye na jibu lake akae kwanza atafute, na akishalipata ndipo aende akawaite watu.